Kubeba mimba ya kiinitete cha kupewa ukishavuka 40: mwongozo kamili

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja kwanza, maana litakusaidia mpaka siku ya kujifungua. Mimba ya kiinitete cha kupewa, yani yai la mwanamke mwingine lililokwisha kurutubishwa, ina umri mbili. Kuna umri wa yai, yani miaka aliyokuwa nayo yule mwanamke siku yai lake lilipotolewa, na kuna umri wako wewe unayebeba. Umri wa yai ndo unaamua kwa kiasi kikubwa kama kiinitete kitashika, kama mimba itaharibika mapema na kama mtoto ana hatari ya ugonjwa wa Down. Umri wako wewe ndo unaamua mambo ya presha, sukari, kondo la nyuma na namna utakavyojifungua. Watu wanavichanganya hivi vitu viwili kila siku, wengine ni wahudumu wa afya kabisa, mmoja atakutisha kwa jambo ambalo halikuhusu alafu mwingine atakupumzisha akili kwenye jambo ambalo ulitakiwa kulifuatilia. Kwahiyo huu mwongozo wote nimeupanga kwa kuuliza kila mara: hapa tunaongelea umri upi?

Hatua ya 1: Jua kiinitete kimetoka wapi

Viinitete vya kupewa viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vile vilivyobaki, mke na mume walifanya IVF (yai na mbegu kukutanishwa maabara), wakapata watoto wao wakatosheka, vilivyobaki wakaamua kumpa mtu mwingine badala ya kuvitupa. Aina ya pili vinatengenezwa makusudi kutoka yai la mchangiaji na mbegu za mchangiaji, hapo hakuna familia iliyovitengeneza kwa ajili yake.

Usidhani kila kiinitete cha kupewa kimetoka kwa binti wa miaka 25. Hivi vya aina ya kwanza mara nyingi vimetoka kwa wanandoa waliokuwa wanahangaika kupata mtoto, na huyo mama pengine alikuwa na 38 au 39 wakati mayai yanatolewa. Swali lako la kwanza kliniki liwe hilo, yai lilitolewa mama akiwa na miaka mingapi, na jibu liandikwe, sio la mdomo. Miaka ambayo kiinitete kimekaa kwenye friza haihesabiki, kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri hakizeeki. Mtoto wa kwanza wa kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, na Oktoba 2022 Marekani walizaliwa mapacha kutoka viinitete vilivyogandishwa Aprili 1992, yani karibu vilingane umri na mama wengine wanaobeba mimba leo.

Kinachojalisha zaidi ya miaka ya friza ni njia iliyotumika kugandisha. Ile ya kisasa ya kugandisha ghafla inaokoa viinitete vingi sana vikiyeyushwa, zaidi ya 9 kati ya 10, ile ya zamani ya taratibu ilikuwa inapoteza vingi zaidi. Vya zamani sio vibaya, ila ukipewa viwili vya zamani uliza kabisa mpango ukoje kama kimoja hakitafufuka asubuhi ya transfa, yani siku ya kuwekewa kiinitete.

Hatua ya 2: Maswali mengine ya kuuliza kabla hujasaini

Utaonyeshwa gredi, kitu kama 4AB au 5BB. Namba inaonyesha kiinitete kimetanuka kiasi gani, inaanzia 1 mpaka 6. Herufi ya kwanza ni lile fungu la seli litakalokuwa mtoto, herufi ya pili ni seli za nje zitakazokuwa kondo la nyuma. Sasa watu wanalia kwasababu wamepewa BB, jamani BB ni kiinitete kizuri tu na watoto wengi wametoka hapo. Mimi ningechukua BB ya yai la miaka 27 kabla ya AA ya yai la miaka 40, bila kufikiria mara mbili.

Uliza pia waliochangia walipimwa nini: HIV, homa ya ini B na C, kaswende, na magonjwa ya kurithi kama selimundu na thalasemia. Uliza grupu za damu. Uliza kama kutoka kundi hilohilo kuna mimba imeshawahi kutokea na mtoto akazaliwa, hiyo ni dalili nzuri. Na swali ambalo wengi wanalikwepa ni je, waliotoa wana watoto wangapi na viinitete vingine vimeenda kwa nani, maana kama ni vile vya aina ya kwanza basi mtoto wako atakuwa na ndugu kabisa wa baba mmoja mama mmoja kwenye nyumba nyingine. Sio jambo baya ila lijue mapema, usije kulijua mtoto akiwa na miaka 16.

Kuhusu mafanikio, kwa transfa moja uwezekano wa kuishia na mtoto mkononi uko karibu na nusu au chini ya hapo, hata yai likiwa changa na kizazi chako kiko vizuri. Kliniki inayokuahidi 9 kati ya 10, au inayokutajia idadi ya vipimo vilivyosoma ndio badala ya watoto waliozaliwa, ondoka.

Hatua ya 3: Sheria, imani na karatasi

Hili lifanyike kabla ya kumeza kidonge hata kimoja. Nchi hazifanani kabisa. Uswisi na Uturuki haziruhusu kuchangiwa kiinitete. Hispania inaruhusu ila mchangiaji hatajwi. Uingereza waliochangia kuanzia Aprili 2005 mtoto ana haki ya kujua ni nani akifika miaka 18, na sheria ya kule inasema mama ni yule aliyezaa. Kliniki nyingi na nchi nyingine zinaweka kikomo cha umri wa anayebeba, Jamhuri ya Cheki kwa mfano inaishia kabla ya kutimiza 49, kwahiyo kama una 47 usipoteze mwaka mzima kufikiria bila kujua kikomo cha unakokwenda.

Imani nayo iangalie mwenyewe mapema. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawakubali mtu wa tatu kuingia kwenye uzazi, Iran kwa upande wake ina sheria ya mwaka 2003 inayoruhusu wanandoa kupewa kiinitete, na Kanisa Katoliki halikubaliani na IVF yenyewe. Ukijua unaposimama sasa hutaanza kuyumba ukiwa na mimba ya miezi sita kwasababu shangazi kasema kitu.

Kwenye mkataba hakikisha mambo manne yameandikwa: nani mzazi kisheria, wachangiaji wameachia haki zote, viinitete vitakavyobaki vitafanywa nini, na kumbukumbu zitatunzwa miaka mingapi na wewe utazipataje. Mwanasheria wa familia ausome hata kama kliniki inasema ni fomu ya kawaida.

Hatua ya 4: Mwili wako ukaguliwe, na hapa umri ni wako

Yai limeshatatuliwa, sasa ni moyo, mishipa na kizazi chako. Vipimo vya maana ni presha, sukari, figo, damu, thairodi, kipimo cha moyo, saratani ya mlango wa kizazi, na picha ya matiti kwasababu utapewa homoni ya estrojeni. Kama umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu sema siku ya kwanza kabisa, usisubiri uulizwe.

Kizazi kiangaliwe kwa ndani, kwa ultrasaundi ya kuwekewa maji au kamera ndogo. Ukishavuka 40 faibroidi ni kitu cha kawaida sana na sio zote za kuogopa, iliyo nje ya ukuta unaweza kuiacha ikae, iliyochomoza ndani ya mfuko ndo inayozuia kiinitete kushika na hiyo itolewe kwanza. Vinyama vidogo vya ndani hivyohivyo. Mtu akitaka kukufanyia opareshen ya faibroidi zote kwasababu tu zipo, tafuta maoni ya daktari wa pili, kovu nalo lina gharama zake na linakula miezi ya kupona.

Presha ikiwa juu tayari ishushwe kabla, na dawa zake zibadilishwe kwa zile zinazofaa kwa mjamzito maana baadhi ya za kawaida zinamdhuru mtoto. Foliki asidi anza angalau mwezi mmoja kabla, 400 maikrogramu kwa siku, wenye kisukari au uzito mkubwa mara nyingi huandikiwa miligramu 5. Kama umeshakoma hedhi bado unaweza, kizazi kinaamshwa kwa homoni, ni mayai tu ndo yameisha.

Hatua ya 5: Kuandaa ukuta wa kizazi

Kuna njia mbili na watu wengi hata hawaambiwi kwamba kuna mbili. Kama bado unapata hedhi zako vizuri inawezekana kufuata mzunguko wako mwenyewe, wanasubiri yai lako lipevuke, wanahesabu siku, wanaweka kiinitete. Njia ya pili ni ya dawa tupu: vidonge au viraka vya estrojeni kama wiki mbili, ultrasaundi inaangalia ukuta umefika milimita 7 au 8 na una mistari mitatu, alafu projesteroni inaanza. Kiinitete cha siku ya 5 (kilichokua siku 5 maabara) kinawekwa baada ya siku 5 za projesteroni, ndo maana ratiba ya hiyo dawa haichezewi hata kidogo.

Kliniki zinapenda njia ya dawa kwasababu tarehe inapangika. Lakini kwenye mzunguko wako mwenyewe pale yai lilipotoka kinabaki kitu kinachotoa homoni nyingine zinazosaidia mishipa ya damu kuzoea mimba, kwenye dawa tupu hakipo, na tafiti zimeonyesha mimba za dawa tupu zinapata zaidi presha ya ujauzito. Kwa mtu wa 40 na kitu ambaye hatari ya presha iko juu tayari, mi naona ni swali la kumuuliza daktari bila aibu: kwanini mimi tusitumie mzunguko wangu? Kama hedhi imeshayumba au imekoma basi dawa ndo njia, na hakuna kosa hapo.

Projesteroni inakuja ya kuweka ukeni au sindano ya mafuta ya kila siku. Ya ukeni inaacha nta na uchafu mweupe, pedi nyembamba inatosha, na ikitoka kidogo baada ya nusu saa usiweke nyingine, mwili umeshachukua. Sindano ni habari nyingine. Mafuta ni mazito, kwahiyo shika kichupa kwenye kiganja au kiweke kwapani dakika kadhaa kilainike. Vuta kwa sindano nene, badilisha uweke nyembamba zaidi ya kuchomea. Inaingia sehemu ya juu ya tako upande wa nje, sio katikati, katikati kuna mshipa mkubwa wa fahamu. Mguu wa upande unaochomwa usiubebeshe uzito, yani egemea meza na simamia mguu mwingine, msuli ulegee. Choma kwa mwendo mmoja, sukuma dawa polepole, toa, kandamiza alafu sugua na tembea kidogo ndani ya nyumba. Kesho upande mwingine. Vinundu vitatokea, kitambaa cha uvuguvugu kinasaidia, ila ukiona sehemu imekuwa nyekundu, ina joto na inazidi kuuma hiyo sio kawaida, irudishe kliniki.

Hatua ya 6: Siku ya transfa

Hakuna nusu kaputi kwa kawaida. Utaambiwa uje na kibofu kimejaa ili kizazi kionekane vizuri kwenye skani, mrija mwembamba unapita mlango wa kizazi, kiinitete kinawekwa, dakika chache umemaliza. Wakuambie jina na namba ya kiinitete kabla, wewe mwenyewe hakikisha vinaendana na karatasi yako.

Wekewa kimoja. Najua unaambiwa umri umekwenda weka viwili umalize kazi, lakini hapo ndo ile hesabu ya umri mbili inapomkosesha mtu. Yai changa maana yake viwili vinaweza kushika vyote, na mwili wa miaka 44 wenye mapacha unapandishiwa hatari ya presha, sukari, watoto njiti na kutoka damu nyingi kwa pamoja. Cha pili kibaki kwenye friza, hakiendi popote.

Baada ya hapo nenda nyumbani, tembea, pika. Kulala kitandani siku nzima hakusaidii kushika na kiinitete hakidondoki ukienda chooni.

Hatua ya 7: Kipimo na kuhesabu tarehe

Kipimo cha damu kinafanyika kati ya siku 9 na 14 baada ya transfa kutegemea na kliniki. Dalili kabla ya hapo usizisikilize sana, projesteroni yenyewe inaleta matiti kuuma, tumbo kujaa na usingizi. Kikisoma ndio kinarudiwa baada ya saa 48 kuona kama namba inapanda vizuri, alafu ultrasaundi wiki ya 6 au 7 kuona mapigo ya moyo na kuhakikisha mimba ipo ndani ya kizazi, maana hata ya kuwekwa kwa mrija inaweza kuhamia kwenye mirija ya uzazi.

Tarehe isihesabiwe na hedhi yako. Siku unayowekewa kiinitete cha siku ya 5 tayari una wiki 2 na siku 5. Kupata tarehe ya kujifungua jumlisha siku 261 kuanzia transfa, kwahiyo transfa ya tarehe 1 Machi inaangukia 17 Novemba. Cha siku ya 3 jumlisha 263. Iandike kwenye kadi ya kliniki kwa peni, mtu akija kukubadilishia kwa tarehe ya hedhi mwonyeshe.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Kama ni njia ya dawa, homoni zote zinaendelea mpaka kama wiki ya 10 au 12, kondo litakapoweza kujitegemea. Ukiona damu usiache dawa. Narudia, usiache, piga simu kliniki uulize, kwasababu matone ya damu ni ya kawaida sana kwenye hizi mimba na mengi yanaisha yenyewe. Damu nyingi, maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu au maumivu ya bega ni hospitali saa hiyohiyo.

Umri wa mama na IVF vyote vinaongeza hatari ya damu kuganda, kwahiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usipake dawa ya kuchua, nenda.

Hatua ya 9: Kliniki ya wajawazito, andika haya kwenye kadi

Kuna kishawishi cha kutosema kwamba kiinitete ni cha kupewa. Kwa majirani sawa, kwa anayekuhudumia hapana, kwa sababu tatu za kitabibu kabisa.

Kwanza, vipimo vya Down. Hatari inahesabiwa na umri wa yai. Kwa yai la miaka 25 ni kama 1 kati ya 1,250, kwa miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Mashine ikiwekewa miaka yako itatoa majibu ya kutisha bure na unaweza kushawishiwa kuchomwa sindano ya tumboni ambayo hukuihitaji. Kipimo cha damu cha vinasaba nacho, baadhi ya maabara zinalinganisha vinasaba vya mama na vya mtoto, lazima wajue havifanani toka mwanzo.

Pili, grupu la damu. Kama damu yako ni Rh hasi na ya mume wako ni hasi, watakwambia sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, haina haja. Ina haja! Mume hausiki hapo, kiinitete kinaweza kuwa chanya. Inachomwa kama wiki ya 28 na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya, na pia ukitokwa na damu katikati muulize daktari.

Tatu, presha. Mimba ya yai lisilo lako inapata presha ya ujauzito zaidi kuliko ya yai lako, hata ukilinganisha na wengine wa IVF, inaonekana kinga ya mwili inakutana na kiumbe ambacho haikitambui hata nusu yake. Jumlisha na 40 na kitu. Kwahiyo ongea na daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, huwa ni kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku, inaanza karibu wiki ya 12 na faida yake inapungua sana ukichelewa kupita wiki ya 16. Usijiandikie mwenyewe, ila usisubiri mpaka akumbuke yeye. Nunua mashine ya presha ya mkono wa juu, pima ukiwa umekaa na mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Ikifika 140/90 piga simu, 160/110 ni dharura. Kichwa kinachogoma panado, kuona nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, nenda hata kama mashine inasoma vizuri.

Sukari ya mimba inapimwa wiki 24 mpaka 28 kwa kunywa glukosi, wengine wa umri wetu wanapimwa mapema kisha wanarudia. Kwenye skani ya wiki 20 uliza kondo limekaa wapi, likiziba njia ifuatiliwe. Na uombe skani za ukuaji miezi ya mwisho.

Hatua ya 10: Kujifungua

Opareshen sio lazima kwasababu tu una 43 na mimba ni ya thamani. Kama mtoto amekaa vizuri, kondo liko juu na presha iko sawa, kuzaa kawaida kunajadilika. Kisichojadilika sana ni kupitiliza siku. Mwanamke wa 40 na zaidi akiwa wiki ya 39 ana hatari ya kupoteza mtoto tumboni inayofanana na ya mwanamke wa miaka ishirini na kitu akiwa wiki ya 41, ndo maana wengi wanashauriwa kuanzishiwa uchungu wiki ya 39 au 40. Mtoto akipunguza kucheza wakati wowote usisubiri kesho.

Zalia mahali penye damu ya kuongeza na chumba cha opareshen kinachofanya kazi usiku, kwasababu kondo kung'ang'ania na kutokwa damu baada ya kuzaa ni zaidi kwenye mimba hizi. Presha nayo inaweza kupanda baada ya mtoto kutoka, endelea kupima wiki kadhaa. Maziwa hayajali yai ni la nani, yanaanza kondo likishatoka.

Hatua ya 11: Mtoto ajue

Amueni kabla hajazaliwa, na ushauri wangu ni kumwambia toka akiwa mdogo kabisa, hata hajaelewa, ili isije ikawa habari. Mtafiti Susan Golombok wa Chuo Kikuu cha Cambridge amefuatilia miaka 20 familia zilizopata watoto kwa yai au mbegu za kupewa au kwa kubebewa mimba, matokeo yaliyotoka 2023 yanaonyesha watoto wanakua sawa na wengine, na walioambiwa kabla ya miaka 7 walikuwa na mahusiano mazuri zaidi na mama zao. Siri yenyewe sahivi haikai, kipimo cha vinasaba cha kununua mtandaoni kinaifungua, au grupu la damu shuleni ambalo haliwezekani kwa wazazi wale.

Weka faili moja, karatasi na nakala kwenye simu: umri wa yai, grupu za damu za wachangiaji, vipimo vyao, namba ya kiinitete, tarehe ya transfa, mkataba na mawasiliano ya kliniki. Daktari wa mtoto akiuliza kama kwenu kuna kisukari au selimundu jibu linatoka kwenye hilo faili, sio kwa bibi yake, na kliniki ikifungwa au ikibadilisha wamiliki wewe uwe na nakala yako tayari.